Mwanafunzi wa Ng'ambo na Maumbile ya Ugenini

Waliokuja kwetu kutoka mbali waliandika habari za mito yetu. Sisi tuliokwenda kwao tuliandika habari za majumba yao. Sisemi hivi kwa kusifu wala kwa kulaumu. Ni jambo ambalo kila asomaye maandishi ya safari hukutana nalo, akikilinganisha kitabu cha mgeni aliyefika pwani hii na kitabu cha mwenyeji wa pwani hii aliyekuwa mgeni kwingine. Insha hii yakusudia kuuliza kwa nini imekuwa hivyo, hasara yake ni nini, na mwanafunzi aendaye leo kusoma ng'ambo aweza kufanya nini juu yake.

Naandika nikiwa Likombe, kata mojawapo ya Manispaa ya Mtwara-Mikindani, na mahali hapa pafaa kwa swali kama hili. Si mbali nasi ipo bandari ya kale ya Mikindani, ambako David Livingstone alifika mwezi wa Machi, 1866, akaianza safari yake ya mwisho ya bara kwa kuufuata mto Ruvuma. Kabla ya hapo, mwaka 1861 na tena mwaka 1862, alijaribu kuupanda mto huo kwa vyombo, uchache wa maji na miamba vikamrudisha. Mwaka 1881 Joseph Thomson alitumwa na Sultani Barghash wa Unguja kwenda kutazama kama makaa ya mawe yaliyosemwa kuwapo katika bonde la Ruvuma yalikuwa na thamani yoyote. Watu hawa waliandika kina cha maji, aina ya mawe, umbo la vilima na tabia ya miti. Macho yao hayakutazama bure: mmoja alitafuta njia, mwingine alitafuta makaa. Lakini waliyoyaona waliyaweka katika lugha yao, na lugha yao ikatajirika kwa mto ambao haukuwa wao.

Sasa tuwatazame waliotoka huku kwenda huko. Katika miaka ya 1880 Cecil Majaliwa alisoma katika Chuo cha St Augustine, Canterbury, kabla ya kurudi na kupewa ukasisi mwaka 1890. Kazi yake aliifanya Chitangali, bara ya pwani yetu hii hii. Katika miaka hiyo hiyo Hugh Kayamba alisoma Bloxham, Uingereza. Hao walikwenda kama wanafunzi. Wengine walikwenda kama waalimu, ingawa mgeni aingiapo mji wa watu huwa mwanafunzi hata akipewa kiti cha mwalimu. Chuo cha Lugha za Mashariki kilianzishwa Berlin mwaka 1887, na tangu mwanzo kilihitaji wenyeji wa Kiswahili. Amur bin Nasur, mtu wa Unguja, alifundisha huko tangu 1891, akaandika habari za maisha yake na za mji ule. Maandishi yake yalitiwa katika mkusanyo wa C. G. Büttner uliotoka mwaka 1894. Baada yake alikuja Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyeanza kufundisha mwaka 1900, na aliyefia Berlin mwaka 1927.

Mtoro ana jambo la kufikirisha. Maandishi yake tunayoyajua zaidi ni safari yake ya Udoe na Uzigua, iliyopigwa chapa mwaka 1901, na sehemu yake kubwa katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli, kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903. Yote mawili yahusu kwao. Mtu aliyeiona baridi ya Berlin mwaka baada ya mwaka, aliyeiona miti ikivua majani na kuyavaa tena, anajulikana kwetu kwa mambo ya Bagamoyo na bara yake.

Je, hakuona? Haiwezekani. Msomaji wa kwanza wa maandishi hayo yote hakuwa mtu wa Bagamoyo wala wa Mikindani, bali kijana wa Kijerumani aliyekuwa akijifunza Kiswahili ili aje kutawala, kuuza au kuhubiri. Kwa msomaji kama huyo mwandishi alikuwa na kazi mbili tu. Ya kwanza ni kumweleza Afrika, kwa kuwa ndiko aendako. Ya pili ni kumsifia Ulaya, kwa kuwa kila mtu hupenda kusikia mji wake ukistaajabiwa na mgeni. Kumweleza Mjerumani jinsi mti wa Berlin ulivyo ingekuwa kumwonyesha mvuvi maji. Kwa hiyo kasoro tunayoiona haikuwa ya macho ya waandishi. Walinyimwa msomaji wa kwao, na bila ya msomaji wa kwao hapakuwa na haja ya kueleza theluji, kwa sababu aliyekuwa akisoma alikuwa na theluji mlangoni pake.

Kati ya maandishi ya wakati ule liko moja lililoponyoka katika mtego huu kwa kiasi. Ni Safari yangu ya Urusi na ya Siberia ya Selim bin Abakari, Mngazija aliyefuatana na Theodor Bumiller mwaka 1896, ambalo Velten alilitia katika mkusanyo wake wa Safari za Wasuaheli mwaka 1901. Selim hakwenda kusoma. Alikwenda katika utumishi. Lakini safari yake ilimtoa katika miji mikubwa ikampeleka kwenye mito ya Urusi, milima ya Altai na nyika za Wakirgizi, mahali ambapo hata msomaji wa Berlin alikuwa mgeni. Hapo ndipo kalamu yake inapofanya kazi ya kweli. Haina sifa nyingi, wala haina kilio cha kukumbuka nyumbani. Inahesabu mwendo, inaeleza baridi, inaeleza watu na makazi yao na wanyama wao, kama vile msafiri wa Tabora alivyozoea kueleza njia ya bara. Ninaliona andiko hili kuwa bora kuliko mengine kwa swali letu, na sababu yake ni nyepesi: Selim aliitazama nyika ya Siberia kwa kipimo kile kile alichoitazamia nyika ya Afrika. Hakuiogopa kwa kuwa ni ya Ulaya, wala hakuidharau kwa kuwa haina majumba.

Baada yake twakutana na Martin Kayamba, mwana wa Hugh, aliyezaliwa Mbweni, Unguja, mwaka 1891. Mwaka 1931 alipelekwa London pamoja na Mtemi Makwaia wa Shinyanga na Francis Lwamugira wa Bukoba, kutoa ushahidi mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza juu ya shauri la kuziunganisha nchi za Afrika Mashariki. Kitabu chake, Tulivyoona na Tulivyofanya Uingereza, kilitoka mwaka 1932. Hiki kiliandikwa kwa watu wa kwetu, na kwa hiyo hatuwezi tena kumlaumu msomaji. Lakini tazama jina lake. Ni la wingi, na vitenzi vyake ni viwili: kuona na kufanya. Ndiyo hesabu ya wajumbe, watu waliopangiwa siku na saa, wakapelekwa mahali walipopaswa kupelekwa. Mjumbe huona mambo makubwa. Hana saa ya kusimama chini ya mti asiujue jina, kwa kuwa gari linamngoja. Kitabu cha Kayamba ni ushahidi mwema wa heshima ya mtu aliyesimama mbele ya wakubwa bila ya kutetemeka, na kwa hilo kinastahili kusomwa hata leo. Walakini hakiwezi kumfundisha mwanafunzi jinsi ya kukaa.

Maana kukaa ni jambo lingine kabisa na kuzuru. Mwanafunzi hapelekwi huku na huku. Anapewa chumba, anapewa ratiba, na baada ya juma la kwanza hakuna amtazamaye. Anayo miaka mitatu au minne ya kuiona njia ile ile asubuhi na jioni. Yeye ndiye angeweza kutuandikia maumbile ya ugenini, kwa sababu yeye huyaona yakizunguka mwaka mzima na kurudi yalipoanzia. Na wanafunzi hatukukosa. Julius Nyerere alikuwa Edinburgh tangu 1949 hadi 1952. Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso katika wilaya ya Masasi, alipita Makerere kisha akasoma New York. Ebrahim Hussein, mwana wa pwani hii ya kusini, alisomea udaktari wake Berlin katika miaka ya 1970. Said Ahmed Mohamed alisoma Leipzig. Adam Shafi, aliyesoma Ujerumani na Prague, ametupa Mbali na Nyumbani mwaka 2013, kitabu cha kijana aliyetoka Unguja kutafuta elimu, kilichojaa njia, mipaka, njaa na watu. Abdulrazak Gurnah aliingia Uingereza akiwa kijana mwaka 1968, na riwaya zake zimeisema hali ya ugeni kwa undani. Lakini ameziandika kwa Kiingereza, na tafsiri ya kwanza ya Kiswahili, Peponi, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis, ilitufikia mwaka 2022.

Katika fasihi hii yote ya ugenini, nguvu kubwa imeelekea upande mmoja: upande wa kile kilichoachwa. Ugenini umekuwa jina la upungufu. Kuna baridi, yaani hakuna jua. Kuna upweke, yaani hakuna jamaa. Hata jina zuri la kitabu cha Adam Shafi lapima mahali kwa umbali wake kutoka nyumbani. Sikatai kwamba uchungu huo ni wa kweli. Nasema tu kwamba majonzi yana hila moja: humpa mwandishi ruhusa ya kutotazama. Aliyekwisha kusema kuwa mti wa ugenini si mwembe hujiona amemaliza habari ya mti huo.

Hapa sina budi kujitoa ushahidi mwenyewe. Nilipokuwa mwanafunzi nilikaa katika mji wa Uingereza ulio karibu na mlango wa mto Severn. Mwezi wa Oktoba wa mwaka wa kwanza nilimwandikia bibi yangu, hapa Likombe, kwamba majira ya vuli yamefika na majani yanaanguka. Nilijiona nimeandika Kiswahili safi, kwa sababu vitabu vya shule vilinifundisha hivyo. Bibi alisomewa barua na binamu yangu, naye akajibu kwa maneno machache. Alitaka kujua vuli ni kitu gani, na kama ni mvua, kwa nini mvua iangushe majani badala ya kuyaotesha.

Bibi alikuwa na haki. Vuli ni mvua fupi za miezi ya Oktoba hadi Desemba, nazo ni mvua za Unguja, za Tanga na za Mombasa. Huku kusini mwaka una mvua moja tu, ianzayo Novemba au Desemba na kwisha Aprili au Mei. Neno nililotumwa shuleni kulitumia lilikuwa geni mara mbili: halikuwa la Uingereza, wala halikuwa la Likombe. Kadhalika tumelichukua neno kipupwe, ambalo kwetu ni ubaridi mwepesi wa kusi katika Juni na Julai, tukalibebesha baridi igandishayo maziwa na mito. Tumelichukua kiangazi, ambacho ni ukavu, tukaliita hivyo joto la Ulaya ambalo mvua hunyesha katikati yake. Huko ni kuwapa watu wageni nguo za wenyeji, kisha kudai kuwa tumewaeleza sura zao.

Niliandika barua ya pili. Nilimwambia bibi kwamba wakati ninyi mnaokota korosho, huku miti karibu yote inageuka rangi kama embe liivavyo, kisha inapukutisha majani hadi kubaki mifupa, kama mbuyu unavyosimama uchi wakati wa ukavu. Ila mbuyu huvua kwa kiu, na hii huvua kwa baridi. Bibi akajibu kuwa sasa ameona. Tangu siku hiyo nimekuwa na wasiwasi na kila ukurasa unaotaja majira ya ng'ambo kwa neno moja la kamusi. Wako waandishi wasemao majira ya mapukutiko, nami nawapongeza, kwa kuwa neno hilo limetoka katika kilichoonwa, si katika orodha ya majina manne yanayotafuta wenzao.

Inafaa tukumbuke kisa cha zamani zaidi. Mwezi wa Mei, 1848, mmisionari Johannes Rebmann aliuona weupe juu ya Kilimanjaro akamwuliza kiongozi wake ni nini. Yule mtu akamjibu kuwa ni baridi. Huko London walikuwako wataalamu wa jiografia waliokataa kwa miaka kuamini kuwa pana theluji karibu na ikweta. Lakini tazama jibu la yule kiongozi. Hakuwa na neno theluji kinywani, wala hakujisingizia kuwa nalo. Alikitaja kitu kwa lile ambalo kinaufanyia mwili. Lugha zetu zina uwezo huu, na mwanafunzi mwenye kuutumia hatakosa neno mahali popote duniani.

Wala si kweli kwamba Kiswahili huwa maskini daima mbele ya maumbile ya ng'ambo. Mahali pengine ni tajiri kuliko mwenyeji. Mlango wa Severn una kupwa na kujaa kukubwa kuliko karibu pwani zote za dunia. Siku za bamvua maji hupanda na kushuka kiasi cha mita 14, hali huku kwetu ni kama mita 4. Wanafunzi wenzangu wa Kiingereza waliotoka miji ya ndani walisimama ukingoni wakashangaa bahari imekwenda wapi. Mimi sikushangaa. Nilizaliwa na maneno yake: kupwa, kujaa, bamvua, maji mafu. Nilijua kwamba mwezi ukiandama au ukiwa mpevu maji yatakwenda mbali, na kwamba tope lililoachwa si jangwa bali ni ghala. Huku Mikindani wanawake huteremka wakati wa bamvua kuchokoa pweza na kuokota chaza. Mtu akikosea saa, bahari haimsamehi. Elimu hiyo niliyoidhani ya kijijini ndiyo iliyonifanya niwe, kwa alasiri moja, mwenyeji wa pwani ya watu.

Mwisho wa Aprili wa mwaka wa pili niliona kwenye tope lile kundi la ndege wa kahawia wenye midomo mirefu iliyopinda kwenda chini. Nilisimama. Walikuwa sululu, ndege ambao jina lao ni lile lile la chombo cha kuchimbia, kwa ajili ya mdomo ule. Sululu hula kaa katika tope la Mikindani mpaka mvua zikaribiapo kwisha, kisha wengi wao huruka kaskazini kwenda kutaga. Baadaye nilisoma kwamba wapitao Severn hutoka zaidi Afrika ya Magharibi, na wale wa kwetu huelekea zaidi nchi za Urusi. Kwa hiyo hawakuwa ndege wa Likombe. Walikuwa jamaa zao. Lakini siku ile sikulijua hilo, na jambo lililonipata lilikuwa rahisi: kwa mara ya kwanza katika miezi 18 nilikuwa na jina la kitu kilichokuwa mbele yangu, na jina hilo halikuwa la kukopa. Nilirudi chumbani nikaandika kurasa mbili kwa Kiswahili. Hazikuwa na neno nyumbani hata mara moja.

Huenda msomaji akasema kwamba kutembea mitoni na kutazama ndege ni starehe ya watu walioshiba. Mwanafunzi wa Kiafrika huko ng'ambo ana karo ya kulipa, ana mitihani, ana mwenye nyumba asiyependa kumpangisha mtu mweusi. Atapata wapi moyo wa kuhesabu majani? Hoja hii ni nzito na siikwepi. Nami nimegongewa mlango ukafungwa kabla sijasalimu. Lakini hoja hiyo imekubali jambo ambalo sisi hatupaswi kulikubali, yaani kwamba kuyajua maumbile ni mapumziko. Huko Msimbati na kando ya mlango wa Ruvuma, mtu asiyetofautisha mkandaa na mchu hana budi kumwuliza mwenzake kabla ya kutia shoka. Mkoko, muia, mkandaa, mchu, mlilana, mkomafi: kila mmoja una kazi yake, mmoja kwa boriti, mwingine kwa ngome ya jahazi, mwingine maganda yake hutumika kutilia rangi na kutengenezea ngozi. Kuyajua maumbile kwetu ni kazi na ni akili. Starehe ni mazoea tuliyoyakuta Ulaya, na si lazima tuyaige. Mtu aliyefungiwa milango ya nyumba za watu ana sababu zaidi, si pungufu, ya kuijua nchi iliyo nje ya milango hiyo. Mto Severn haukuniuliza hati.

Iko na hatari kubwa zaidi katika kunyamaza kwetu. Tangu mwaka 1909 hadi 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya wanyama wakubwa wa kale huko Tendaguru, katika mkoa jirani wa Lindi. Waliochimba na kubeba walikuwa watu wa kusini kwa mamia, na msimamizi wao mashuhuri alikuwa Boheti bin Amrani. Mizigo ya mifupa, zaidi ya tani 200, ilichukuliwa vichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi, ikapakiwa kwenda Berlin. Mnyama mmojawapo alisimamishwa katika jumba la makumbusho la huko mwaka 1937, mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, na yuko hata sasa. Mwanafunzi wa Mtwara aingiapo katika jumba hilo hukutana na maumbile ya kwao akiwa ugenini, nayo yamekwisha kupewa majina ya Kiyunani na Kilatini. Mjadala wa kurudishwa kwa mifupa hiyo una mahali pake, wala si hapa. Ninalotaka kusema ni kwamba watu waliojua kuchimba, kupanga na kubeba kitu kile hawakuachiwa ukurasa wao wa kukieleza. Mwenye kuandika ndiye aliyebaki na mnyama.

Kwa hiyo shauri langu kwa wanafunzi, na kwa wahariri wa majarida kama hili, ni dogo na laweza kutimizwa. Kila tunapompokea mwanafunzi aliyeko ng'ambo kama mwandishi, tusimwombe kwanza shairi la kukumbuka nyumbani. Tumwombe ukurasa mmoja wa mahali anapokaa: mti ulio karibu na dirisha lake kwa miezi 12, mto ulio karibu, ndege wa asubuhi, namna udongo unavyonuka baada ya mvua. Aandike kwa msomaji wa Likombe asiyepata kufika huko, si kwa mwalimu wake wa huko. Asitumie neno la majira ambalo bibi yake hataweza kulitambua, ila kama amelieleza. Asikimbilie kufananisha kila kitu na cha kwetu, lakini asiogope kufananisha pale ambapo mfano unaonyesha, kama mbuyu ulivyoonyesha. Na akikosa neno, afanye kama kiongozi wa Rebmann: ataje kile ambacho kitu hicho kimeufanyia mwili wake.

Kazi hii ina sehemu yake ya nyumbani pia. Mwaka 2000 Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Mlango wa Ruvuma ilianzishwa, na tangu hapo wataalamu wamekuwa wakiyaorodhesha matumbawe, kasa na mikoko ya pwani yetu. Ni kazi njema. Lakini niliporudi Likombe nilimchukua mpwa wangu, mwanafunzi wa sekondari, tukateremka pwani ya Mikindani maji yalipokuwa yamekupwa. Alinitajia sehemu za ua kama zilivyo katika kitabu chake cha biolojia. Nilipomwonyesha mkandaa na muia aliniambia kuwa yote ni mikoko. Kijana huyu ana akili, na huenda siku moja akapata nafasi ya kusoma ng'ambo. Ataona nini huko, ikiwa hapa ameona mikoko tu? Selim bin Abakari aliweza kuieleza Siberia kwa sababu alikwisha kuwa na jicho kabla hajaondoka.

Siku ile mimi na mpwa wangu tulikaa mpaka maji yakaanza kurudi. Sululu walikuwako, wapatao 20 hivi, wakisogea mbele ya maji hatua kwa hatua huku wakidonoa tope. Nilimwambia kwamba ifikapo Aprili wengi wao watakuwa wameondoka. Akaniuliza wanakwenda wapi. Nilimjibu kwa kadiri nilivyosoma, kisha nikaona kwamba jibu langu lote lilikuwa limetoka katika vitabu vya Kiingereza. Katika Kiswahili sina hata ukurasa mmoja wa mtu aliyewakuta huko wanakotaga. Wanafunzi wetu wako Urusi leo, kama walivyokuwako miaka ya 1960. Mmoja wao akiwakuta sululu katika nyasi za huko mwezi wa Juni, na atuandikie walikuwa wakifanya nini.